Mama Ameonja

Kasulo, Jumatano, 6 Machi 2024

Kwako Theonest, mwana wa kaka yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Itikia kwanza huko uliko, ndipo uendelee kusoma.

Sisi ni wazima, isipokuwa masikio yangu, ambayo sasa yamestaafu kabisa. Juzi Juvenali katekista alinipigia kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kumbe alikuwa ananisalimia tu. Simu uliyonipa naitumia kuangalia saa. Ujumbe ukiingia siuoni vizuri, ni lazima asome Juvenali, na akishasoma Juvenali imesoma Kasulo nzima. Kwa hiyo niandikie kwa mkono, herufi kubwa, kama nilivyokufundisha kwa kijiti uani kabla hujaanza shule. Bulugu, kondakta wa basi la kutoka Kabanga kuja huko Biharamulo, amekubali kuwa posta yetu.

Upepo umeangusha migomba mitatu. Maharage yamekubali. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja hakuishi. Makaburi ya wazazi wako nimeyapalilia, usiwe na wasiwasi.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mwanangu Kazimili, ndugu yako, tangu Krismasi analalamika tumbo. Linajaa kama ngoma siku mbili, halafu linashuka lenyewe. Yuko Nyamigogo, karibu nawe, kwenye mahindi yake, hana mke, anapika ugali akikumbuka, na akiumwa anakunywa magadi. Mimi hanisikilizi. Wewe ni nesi wa matumbo, na mmekua kwenye mkeka mmoja. Nenda ukamtazame.

Lakini nakuomba jambo moja. Kisu, hapana. Dawa mpe, sindano mpe, mlaze hata mwezi. Baba yake alikatwa tumbo na nikarudishiwa sanduku. Nina mtoto mmoja aliyebaki, pamoja na wewe wawili. Uniahidi.

Mimi shangazi yako,
Anjelika

---

Biharamulo, Jumapili, 17 Machi 2024

Shangazi, shikamoo.

Milele amina! Nimeitikia kwa sauti, wagonjwa wawili wamegeuka kunitazama.

Mimi ni mzima. Bado niko wodi ya wanaume, na wengi wetu humu ni matumbo: vidonda, ini, wanaotapika na waliofunga choo. Raya, nesi mwenzangu, binti wa mzee Halfani mwenye duka la vitambaa hapa mjini, anakusalimu. Anasema zile ndizi ulizomwahidi mwaka juzi bado anazisubiri, na kwamba hadai, anakumbusha tu.

Kazimili yuko kwangu. Nilikuwa nimepanga kwenda Nyamigogo Jumamosi, akanitangulia. Jirani yake alimleta kwa pikipiki siku ya Alhamisi, tumbo limefunga. Sasa wameondoa kilichokuwa kimeziba, amepumzika. Kitanda chake ni cha tatu kutoka meza yetu, namwona hata nikiwa naandika. Leo amecheka. Raya alimwambia ana miguu ya korongo.

Kuhusu lile ulilonikataza, usiwe na hofu.

Usije. Mvua imeharibu barabara, na magoti yako nayajua. Akianza kutembea vizuri nitakuandikia.

Mwanao,
Theonest

---

Kasulo, Jumanne, 19 Machi 2024

Kwako Theonest,

Nimeipokea barua jana, nimeisoma mara nne. Mungu akubariki. Hapa hakuna jipya, mvua ni ileile. Mpe Raya salamu, mkungu wake bado unakomaa.

Umeniandikia kitanda, umeniandikia barabara, umeniandikia hata miguu ya korongo. Hukuandika anakula nini. Mtu aliyelazwa siku tano anakula nini? Najua vyakula vya hospitali, na najua Kazimili, hali cha mikono asiyoijua. Kwetu mgonjwa hakai na njaa kama hana mama. Watu wataniuliza nilimpelekea nini, nami nitasema nini?

Nimekoroga uji wa ulezi alfajiri hii, mwepesi, nimeutia maziwa. Nimemkabidhi Bulugu chupa ya chai ile nyekundu. Nimemwagiza aingie mwenyewe mpaka kitandani, asiiache getini, maana vya getini huliwa na walinzi. Na nimeuonja kabla sijafunga kifuniko. Mlipokuwa watoto mlikuwa mnanitazama mdomo kwanza, nikimeza ndipo mnapokea. Kinywaji ambacho mletaji hakuonja hakinywewi kwetu, na alichokionja hakikataliwi. Nimemfundisha Bulugu maneno ya kusema: Mama ameonja.

Ni Msukuma lakini ameyakariri vizuri.

Anjelika

---

Kasulo, Jumapili, 28 Aprili 2024

Kwako Theonest,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nilitaka kukuandikia mapema, mkono ukakataa. Leo ni mwezi na siku nne. Juvenali ndiye aliyekuja na simu yako ile Jumapili ya Matawi. Aliandika kwenye daftari lake na kunigeuzia nisome: Kazimili amefariki. Juvenali bado alikuwa na tawi la mtende mkononi. Mpaka leo nikiona mtu amebeba jani nageuza uso.

Nakushukuru kwa kumleta nyumbani. Nashukuru kwa jeneza, kwa shati lile jeupe, kwa kusimama kaburini mpaka udongo wa mwisho. Watu wamekusifu. Nami nimekusifu.

Ila nina mambo mawili. La kwanza, ulikaa kwangu siku nzima na hukutia kitu mdomoni. Nilikuletea kikombe mwenyewe, nikaonja mbele yako, ukasema umeshakunywa njiani. Waliokuwepo waliona. Mtu akikataa kilichoonjwa, watu wanajua maana yake: amekushuku. Sikusema neno kwa sababu ya msiba.

La pili ni dogo. Chupa yangu ulinirudishia imeoshwa, imekaushwa, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa. Nani aliiosha? Je, Kazimili alikunywa? Bulugu amefiwa, yuko kwao Geita tangu kabla ya Pasaka, sina wa kumuuliza, barua hii inabebwa na dereva. Sitaki mengi. Nataka kujua tu kama mwanangu aliondoka na kitu changu tumboni. Nikijua hilo nitalala.

Anjelika

---

Biharamulo, Jumapili, 19 Mei 2024

Shangazi, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu. Mimi nipo. Mvua huku zimekatika mapema, watu wa Nyamigogo wanasema mahindi ya mwisho hayatafika. Jirani ameniahidi kuvuna shamba la Kazimili na kukutumia kilichopatikana. Nimemwomba anichagulie mbegu ya mwakani.

Kazi ni nyingi. Tumepata vitanda vipya sita, na wagonjwa kumi na wawili wa kuvilalia. Wiki hii nimekaa na mzee mmoja wa ini, tumbo limejaa maji, ananihadithia jinsi alivyokuwa akivuka mto na ng'ombe arobaini. Raya anaolewa mwezi wa nane. Mimi nimeomba kuhamishwa wodi, nikakae na watoto au popote, bado hawajanijibu.

Siku ya msiba sikuwa na njaa, Shangazi. Naomba usilichukulie vingine.

Habari ya chupa sikumbuki vizuri. Siku zile zilichanganyika.

Wasalimie wote.

Theonest

---

Kasulo, Jumapili, 16 Juni 2024

Theonest,

Salamu utazipata mwisho ukizistahili.

Kurasa mbili! Mvua, mahindi, ng'ombe arobaini wa mzee wa watu. Nimekuuliza swali la neno moja, ukanijibu kwa mifugo. Mtoto niliyemfundisha kuandika ananificha kwa maandishi.

Bulugu amerudi. Alishuka basi likiwa barabarani, abiria wakamsubiri, akaniandikia kwenye karatasi ya tiketi. Siku ile ya uji aliingia wodini saa saba mchana. Nesi wa kike alimzuia akamwambia mgonjwa haruhusiwi kitu. Yeye akangoja mpaka nesi alipotoka, akaenda kitandani akasema alichotumwa: Mama ameonja. Kazimili akanywa vikombe viwili. Alishika chupa kwa mikono yote miwili, anasema Bulugu. Theonest, nilifurahi. Nilikaa kwenye jiko nikalia kwa furaha, mimi mjinga.

Jioni nikamsimulia sista wa zahanati. Uso ukambadilika. Akaniandikia: alikuwa amepasuliwa? Nikamjibu hapana, mwanangu nesi aliniambia nisiwe na hofu. Akakunja karatasi. Nikaenda kwa Juvenali, ambaye alimvisha shati lile jeupe. Nikamshika mkono nikamwambia leo hutoki mpaka useme. Akachora tumbo kwenye daftari, na mstari kutoka juu hadi chini.

Kasulo nzima inajua mwanangu alikatwa. Mimi niliyemzaa nimejua Juni.

Sasa nauliza, na ujibu kwa herufi kubwa. Ni uji wangu uliomuua? Ndiyo au hapana. Na kama ndiyo, ndiyo maana ulikataa kikombe changu?

Anjelika

---

Biharamulo, Jumapili, 4 Agosti 2024

Shangazi, shikamoo.

Wiki saba nimechelewa. Barua hii nimeianza mara nyingi, nikachana. Bulugu kila akipita ananitazama, nami namwambia kesho.

Umetaka ndiyo au hapana. Jibu la kweli ni kwamba sijui, na daktari naye hajui. Nitakueleza yote, usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Kazimili alipoletwa alikuwa na siku tano hajapata choo wala upepo. Tumbo limevimba, gumu, anatapika nyongo. Utumbo wake mkubwa ulikuwa umejisokota, na zile siku za tangu Krismasi ulikuwa ukijisokota na kujifungua. Safari hii haukujifungua. Daktari alisema tusipomfungua hafiki Jumapili. Nilikuwa na barua yako mfukoni. Nilimsomea Kazimili ile sehemu ya kisu. Akasema, "Mama asiambiwe, nikipona nitamwonyesha kovu mwenyewe." Akaweka sahihi. Ijumaa wakampasua. Kipande kilikuwa kimeshakuwa cheusi, wakakikata, wakaunga.

Mtu aliyeungwa utumbo hali wala hanywi mpaka tumbo liamke. Hiyo ndiyo kazi yetu sisi manesi, kungoja. Nilimwekea mpira wa puani kutoa yaliyomo tumboni, dripu mkononi, nikapima mkojo wake kila saa. Nilimgeuza, nikamkalisha, nikamtembeza hatua tano halafu kumi. Aliomba maji, Shangazi. Aliniomba mimi, yeye aliyekuwa akinipa nusu ya chake. Nikawa namlowanisha midomo kwa pamba. Juu ya kitanda niliandika kwa mkono wangu, herufi kubwa kama zako: ASILE WALA KUNYWA. Jumanne asubuhi nikaweka kipimo tumboni nikasikia pameanza kunguruma, na saa nne akatoa upepo. Usinicheke, wodi nzima ilipiga makofi. Tukatoa mpira. Jioni ile ningempa vijiko viwili vya maji. Nilikuwa nimemwambia.

Saa saba nilikwenda kula. Raya alikwenda kumpokea mgonjwa mpya mlangoni. Niliporudi, chupa nyekundu iko kwenye kabati lake.

Aliniambia anacheka, "Nimekunywa ya Mama." Na mimi nilimfokea. Mbele ya watu wote nilimwita mshamba, nikamuuliza kama hajui kusoma. Akasema, "Ningekataaje, na ameonja?" Nikamjibu basi ukifa usinilaumu. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia ndugu yangu, na kuanzia kesho yake hakuwa na fahamu za kunijibu. Homa ilipanda, tumbo likawa gumu kama ubao, wakamrudisha chumba cha upasuaji, wakakuta mshono wa utumbo umeachia. Daktari alisema utumbo ulikuwa umechoka, umechelewa mno, ungeweza kuachia hata kwa mate yake mwenyewe. Nilimuuliza mara tatu. Mara tatu alisema hivyo, na mara ya tatu hakunitazama.

Chupa niliiosha mimi. Nilimwaga kilichobaki nikaisugua mpaka Raya akaniondoa bombani.

Mimi kila siku nasimama mbele ya mama za watu na kuwaeleza: msilete uji, msifiche ndizi chini ya shuka, leo kumnyima ndiko kumpenda. Nawaambia wageni. Wewe sikukuambia. Niliogopa utapanda basi uje umtoe. Maneno matatu yale yaliyokuwa juu ya kitanda, kama ningeyaandika kwenye barua, usingekoroga. Kwa hiyo hukuua wewe. Kama kuna aliyeua, ni aliyejua kuandika asiandike.

Kikombe chako nilikikataa kwa sababu hiyo. Sikukushuku hata kidogo. Niliona aibu kupokea mkononi mwako. Tangu siku ile uji siwezi, ukinukia tu natoka nje.

Sitaki unisamehe haraka.

Theonest

---

Kasulo, Jumapili, 8 Septemba 2024

Kwako Theonest,

Tumsifu Yesu Kristo. Itikia.

Mvua za kwanza zimegusa. Ng'ombe wa jirani aliyekula migomba yangu nimemfungia uani. Mkungu wa Raya nimeukata, uko kwa Bulugu; mwambie ni zawadi ya harusi, nimechelewa lakini si mwongo.

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Wiki mbili za kwanza nilikuchukia, nakwambia wazi. Nilikuwa nalima na kukusema kwa sauti, sijui kwa sauti kubwa kiasi gani, kwa sababu sijisikii, lakini watu walikuwa wanapita mbali na shamba. Wiki ya tatu nikajichukia mimi. Sasa nimechoka yote mawili.

Nimejiuliza hivi. Ungeniandikia ukweli, ningefanya nini? Ningepanda basi la kwanza, Theonest. Ningekuja na kanga yangu nimtoe kabla hajakatwa, nimlete hapa, afie kwenye mkeka huu akiwa na utumbo mweusi. Ulinijua. Baada ya kukatwa je? Pengine ningekaa nje ya mlango nikasali. Pengine ningemnywesha tu kwa kujificha, kama hao mama unaowakataza. Sijui. Na wewe hukunipa nafasi ya kujua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na sitalificha ili upate usingizi.

Daktari hajui, wewe hujui, mimi sijui. Basi tutaishi bila kujua, wawili.

Alicheka. Hilo nimelisoma mpaka karatasi imelegea. Alisema nimekunywa ya Mama. Nashukuru alikunywa, na ninajichukia kwa kushukuru, na asubuhi nashukuru tena. Kumfokea usijali. Mlifokeana tangu mna meno ya maziwa, na kila mara alikuwa wa kwanza kusahau.

Ile chupa nilitaka kuivunja. Niliinua juu ya jiwe la kusagia, nikaona kitambaa ulichofunga, lile fundo lako la kitoto la mara tatu, nikashindwa.

Umesema huwezi uji tangu Machi. Bulugu ameniambia umekonda mpaka viatu vinakutangulia. Sikiliza, wewe ni nesi, unajua mtu asiyekula hufika wapi. Kaburi moja kwa mwaka linanitosha. Nilikuwa na wawili.

Leo nimekoroga uji wa ulezi, mwepesi, una maziwa ya yule mbuzi. Bulugu alikataa kuubeba. Alirudi nyuma akatikisa mikono, machozi yanamlenga, mtu mzima. Ikabidi nibandike karatasi kwenye chupa: HUYU SI MGONJWA. Akasoma, akaipokea kwa mikono miwili.

Kaa chini. Usisimame kama uko zamuni. Mimina kikombe kimoja tu, kidogo kidogo, kama unavyowafundisha wao. Hapa nilipo nimeshameza cha kwanza.

Pokea, mwanangu.

Mama ameonja.